Kipimo cha Darasa la Nne

Bwana Kipimo alipiga kofi moja katikati ya darasa la nne, na kuta zikampigia manne.

"Mmesikia?" akauliza, utadhani kavumbua maji.

Watoto sitini walikuwa wakisikia hivyo kila siku ya Mungu. Kuta za saruji tupu, sakafu ya saruji, bati juu bila dari, madawati yenye miguu ya chuma yanayokwaruza mpaka meno yanauma. Neno likitoka ubaoni, linafika dawati la nyuma likiwa vipande vitatu, na kila kipande kinamkanyaga mwenzake.

Jina la Bwana Kipimo alipewa na watoto wenyewe, kwa ajili ya kidude cha kupimia sauti, chenye mshale, alichokivaa shingoni. Amesomea sauti, alisema. Wapi, hakusema.

Aliyekuwa anaumia ni mwalimu wa darasa. Miaka kumi na moja alipigana na kuta zile, silaha yake koo. Sasa sauti ilimtoka kama bawaba isiyotiwa mafuta, na daktari hakumzungusha: muhula mwingine wa kupayuka hivi, ualimu ausahau.

Shemeji yake, fundi seremala, alikuwa na dawa. Alichukua magodoro makuukuu, akayakata, akayafunga kwenye fremu za mbao, akayavika kitambaa na kuyatundika ukuta wa nyuma. Miguu ya madawati aliivalisha vipande vya mpira wa baiskeli. Magodoro matatu tu, na mwalimu alianza kumeza mate bila kukunja uso.

Ndipo ofisi ya elimu ikamleta Bwana Kipimo.

"Hii shule au bweni?" alisema. "Fundi, peleka vitanda vyako nyumbani ukalale."

"Sauti inataka kitu laini kiimeze, mkubwa. Ukiipa kigumu, inarudi."

"Umesomea wapi hayo?"

"Sikusoma. Masikio ninayo."

Bwana Kipimo alicheka. Mwalimu mkuu naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka baada ya wakubwa. Magodoro yakashushwa, likapigwa lile kofi la kuonyesha mwangwi. Mahali pake zikapigiliwa mbao nyembamba, ngumu, zimepakwa rangi na kuchorwa maua, kila ua na tabasamu lake. Zilimeza sauti kama bati linavyomeza mvua.

"Debe tupu limevishwa shanga," fundi alimnong'oneza mwalimu.

"Nyamaza, shem," mwalimu alijibu kwa mkwaruzo. "Jaribio litasema lenyewe. Likishindwa, magodoro yanarudi."

Jaribio lilikuwa hivi. Mwalimu anasimama mbele, nyuma ya kitambaa, watoto wasije wakamsoma midomo. Anatamka maneno ishirini kwa sauti ya kawaida, si ya kupaza. Wao wanaandika walichosikia. Kabla ya magodoro na kabla ya maua, darasa lilikuwa limepata maneno manane. Sasa wakubwa wa elimu wangekuja kujionea. Wakiridhika, maua yatapigiliwa shule zote za mji.

Mwalimu mkuu hakutaka kuaibika. Aliichukua orodha ileile ya kwanza, akawakaririsha watoto wiki nzima, wakiwa mstarini asubuhi.

"Si udanganyifu," alisema. "Tunawazoesha."

Siku ilipofika, Bwana Kipimo alimkuta mwalimu mlangoni, skafu shingoni.

"Wewe leo ni orodha tu. Maoni yako kaa nayo. Tumeelewana?"

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Safi. Hivyo ndivyo ninavyopenda."

Fundi alikatazwa kuingia. Alikuwa uani, anapakia magodoro yake kwenye mkokoteni.

Wageni watatu waliketi nyuma, viti vya kuazima kutoka ofisini. Mwalimu akaingia nyuma ya kitambaa. Kwa kila neno aliinua juu kadi yenye namba: moja, mbili, tatu. Watoto wakainama, wakaandika. Mshale wa kile kidude ulilala usingizi wa mtoto mchanga, na Bwana Kipimo alikiinua wageni wakione.

"Mwangwi hakuna hata chembe," alinong'ona.

Mgeni mkubwa alichokonoa sikio kwa kidole cha mwisho. Akawatazama watoto, wanaandika. Akawatazama wenzake, wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Naye akatikisa.

"Kweli kabisa," alisema. "Sijapata kukaa kwenye darasa lililotulia namna hii."

Ishirini kwa ishirini, watoto wote sitini, hata yule aliyekuwa akisinzia tangu muhula uanze. Saini zikatiwa, mikono ikapeanwa, picha zikapigwa mbele ya maua. Bwana Kipimo alipita uani kifua mbele, akampigapiga fundi begani.

"Umeona elimu, mzee wa magodoro?"

Fundi aliuacha mkokoteni, akaingia darasani. Watoto walikwishatoka. Mwalimu alikuwa peke yake, anakunja kitambaa.

"Shemeji, umetuuza!" Kelele zake zilizunguka maua yote zikamrudia usoni. "Unajua fika watoto wamekaririshwa. Wale wakubwa walikuwa hapo, hatua kumi tu kutoka kwako, na wewe umesimama kama mlingoti! Unamwogopa nani, yule mwuza rangi? Si ungewaambia? Neno moja tu, shemeji!"

Mwalimu aliweka kitambaa mezani. Kisha akachukua chaki, akageukia ubao.

"Sauti ilikatika asubuhi," aliandika. "Hata yale ishirini sikuyasoma."