Bomba Lifike kwa Mama Jeni

Watoto wa kuazima walikuwa wameshafika sita, na Bertilla bado aliona uwanja unapwaya.

"Niongezee na yule wako anayetambaa," alimwambia jirani yake Fortunata, kichwa kikiwa juu ya ua wa mabanzi.

"We mama Jeni, huyu ananyonya!"

"Kwani anayenyonya hajazi choo? Mlete."

Fortunata alicheka mpaka kitenge kikamlegea, akaenda kumleta.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kwenye mkutano wa mtaa, hapo hapo Izia, mtendaji alitangaza kwamba viwanja vipya vya upande wao vitawekewa bomba la majitaka, ila awamu ya kwanza haitafika kila uchochoro. Bomba litafuata watu. Nyumba zilizojaa zitatangulia. Zenye watu wawili watatu zitasubiri awamu ya pili. Na awamu ya pili, mji mzima unajua, ni ahadi ya mlevi. Wataalamu wangepita nyumba kwa nyumba wiki hiyo, watazame waliopo na watakaoongezeka, maana bomba hupangwa kwa miaka ya mbele.

Sasa kwa Bertilla hulala watatu tu: yeye, mumewe Dominiko, na binti yao Jenifer. Mchana nyumba hufurika, kwani Bertilla akila bila wageni hashibi. Lakini jioni kila mtu hurudi kwake na kumwachia choo cha shimo kikigugumia. Masika yaliyopita kilifurika katekista akiwa ndani. Tangu siku hiyo Bertilla aliapa: masika mengine hayamkuti na shimo.

Ndipo mtu wa bomba akatokea.

Alikuwa mzee mrefu, koti zito la kuzuia upepo, buti za mpira mpaka magotini, na mkononi fimbo ndefu iliyonyooka, ya kupimia bila shaka. Kabla ya kupiga hodi alisimama njiani akaitazama nyumba, akautazama mteremko, akatazama choo na kisima. Bertilla, aliyekuwa akimchungulia dirishani, aliridhika. Huyu kazi yake anaijua.

"Shikamoo, injinia! Pita ndani, pita!"

"Marahaba. Mimi siyo injinia, mama. Nimetumwa tu kutazama. Wenyewe watakuja baadaye."

"Aa, wakubwa huwa hamjisemi," Bertilla alimkonyeza, akamjazia togwa la ulezi kwenye kikombe kikubwa.

Mzee aliketi, fimbo katikati ya magoti. Hakutoa karatasi wala kalamu. Bertilla akasema moyoni, hawa ndio wa ukweli, kila kitu kichwani.

"Nyumba ina watu," mzee alisema, watoto wakimzunguka kama kumbikumbi kwenye taa.

"Wote wa humu humu, baba! Tena leo umewakuta wachache."

"Ni wako wote?"

Hapo Bertilla akapiga hesabu haraka. Mwanamke wa umri wake, na mtoto wa kutambaa? Mtaalamu gani angekubali? Lakini ulimi wake haukuwahi kumwacha njiani.

"Wangu wameshakua. Hawa wanne ni wa ndugu zangu wa Matai, lakini hapa ndiyo kwao. Huyu anayetambaa na hawa pacha ni wa binti yangu, Jenifer."

Mzee aliwatazama wale pacha, mmoja baada ya mwingine, kisha yule wa kutambaa. Anajumlisha huyo, Bertilla alijiambia, akaona ampe na ya kuongezea.

"Halafu huyo Jenifer mwenyewe usimhesabu mtu mmoja. Kaenda mashineni kusaga, ungemwona! Maji anayooga kwa siku, ng'ombe wangekunywa wakasaza."

"Loo."

"Ndiyo hivyo. Na miaka ya mbele usiisahau. Kuna kijana anamtaka, Kija, wa kule njia ya Namanyere. Wakioana atahamia hapa."

Togwa lilimpalia mzee. Alikohoa mpaka Fortunata, aliyejibanza nyuma ya ua akijiziba mdomo kwa kitenge, akaogopa.

"Mwanamume," mzee alisema alipopata sauti, "ahamie kwa wakwe?"

"Hapa hapa! Na wadogo zake atakuja nao. Vyumba tumeshagawana. Kwa hiyo msituwekee kitu chembamba, injinia, mtakuja kufukua tena."

Mzee alikiweka kikombe chini, nusu yake bado. Akainuka, akajikung'uta koti.

"Mama, niliyoyaona yanatosha. Nitawafikishia walionituma."

"Kama yalivyo?"

"Kama yalivyo. Sipunguzi neno."

Bertilla alimsindikiza mpaka nje, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alipogeuka tu, Fortunata alikuwa ameshapita kwenye pengo la ua, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Pacha wa Jeni! Mama Jeni, we utakuja kufungwa!"

"Nifungwe, ila nifungwe nikiwa na choo cha kuvuta!"

Wakapigana viganja. Watoto waligawiwa togwa lililobaki, Bertilla akaanza kuonyesha kwa vidole mahali bomba litakapoingilia, na mahali atakapojenga choo cha wageni, chenye vigae, katekista aje akizindue.

Walikuwa bado kwenye habari ya vigae Jenifer alipoingia, ndoo ya unga kichwani, magoti yake yote mawili yana vumbi jekundu la njiani.

"Mama," alisema, hata ndoo hajaitua, "baba mkubwa wa Kija mmemfanya nini? Nimempigia magoti pale kona, kanipita kama jiwe."