Alichosema Rais

Penseli ilikatika mkononi mwa Kimya, na hoja yake haikuwa imefika hata nusu. Akachokoa nyingine kwenye kopo la misumari, akaendelea kuandika juu ya kipande cha plaiwudi: "Misitu ikiisha mtakata nini? Miguu yenu?"

Kimya alikuwa seremala, kiziwi tangu utotoni, na karakana nzima ilibishana naye kwa maandishi. Ishara za kazi walikuwa nazo, pima, kata, shika hapa, lakini siasa haitoshi kwenye ishara tatu. Basi ubishi uliandikwa ubaoni, na jioni mtu akaupiga randa. Tangu Rais apige marufuku ukataji wa miti, randa haikuwa na kazi nyingine ya maana.

Msumari, mshirika wake wa miaka kumi na minne, alimpokonya penseli. "Sisi hapa tunaungaunga viti vibovu vya watu. Rais wako hatujali."

"Anatujali. Alisema."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Alisema mafundi ndio wanaoumia zaidi, na hilo linamnyima usingizi."

Fundi wa makochi alisoma, akacheka mpaka akashika mbavu. Redio ya karakana ilikuwa yake mama huyu, na hotuba zote alizisikia huku anagongomea sponji. Aliandika taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: "Baba, mwezi uliopita alituita wavivu."

Hapo damu ikamchemka Kimya. Hakuna kinachoudhi kama kuambiwa hukuona ulichokiona kwa macho yako. Kila hotuba yeye aliitazama nyumbani kwenye televisheni, mwanzo hadi mwisho, hapepesi. Wenzake walisikiliza nusunusu katikati ya nyundo, halafu wakajifanya wanajua. Watu wana masikio mazima na hawayatumii.

"Tuseme ukweli," Msumari aliandika, akikandamiza mpaka ncha ikachimba ubao. "Mke wako anakula serikalini. Ndiyo maana unamtetea."

Kimya aliutupa ubao chini. Mkewe alikuwa mfanyakazi wa serikali, ndiyo, kazi ya kusimama, na alirudi nyumbani viganja vinamwuma, akavipaka mafuta bila kulalamika. Lakini hakuwahi kumsifu Rais hata siku moja. Kimya akianza kumsifu, yeye hugeukia sufuria.

Sababu ya kumtetea Rais, Kimya alikuwa nayo, ila haikuwa ya kuandika kwenye plaiwudi. Hotuba ya kwanza, ile ya marufuku, ilimwangusha. Alijifungia chumbani wiki tatu, hali, hanyoi, anamwambia mkewe kwamba mtu asiye na kazi hana haja ya kuamka. Ndipo ikaja hotuba ya pili. Mkewe alikuwa ameshatoka kwenda kazini na kumwachia televisheni inawaka. Rais akasema mafundi wasikate tamaa, nchi inawahitaji, uchungu wao anaujua. Kimya akaamka, akatafuta wembe. Mtu aliyekuinua kitandani humwachi atukanwe na kila mwenye nyundo.

Msumari alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa barua ya kupinga marufuku, na mafundi wote wa mtaa walikwisha kuisaini isipokuwa mmoja. Nyuma yake akaandika: "Leo saa nne anahutubia. Twende kwa kinyozi tukamtazame pamoja. Akisema neno moja jema juu yetu, naichana. Asiposema, unasaini, au kesho tunagawana vifaa."

Miaka kumi na minne, na sasa wagawane vifaa. Kimya akampa mkono.

Televisheni ya kinyozi ilining'inia juu ya kioo. Mteja mmoja aliachwa kitini na nusu ya kichwa. Kimya alisimama mbele ya wote, mikono kifuani, na kwa dakika ishirini Rais alizungumzia barabara na bandari. Kimya akaanza kutoka jasho. Kisha ikaja.

"Mafundi seremala, nimekosea. Nivumilieni miezi miwili, nitaifungua misitu kwa zamu. Najua wapo wanaoamka asubuhi kwa shida. Amkeni hivyo hivyo. Nawahitaji."

Machozi yalimtoka Kimya, wala hakuyaficha. Aligeuka amkumbatie Msumari, rafiki mkaidi, mbishi asiye na dawa, na akakuta duka zima limenuna. Fundi wa makochi alikuwa ameshika kichwa. Kinyozi aliitupa mashine mezani.

Msumari hakuchana kitu. Aliandika kwa hasira nyuma ya barua: "Umeridhika? Amesema marufuku ni ya milele. Amesema tukalime."

"Mwongo," Kimya aliandika. Huu sasa ulikuwa uonevu wa mchana kweupe. "Ameomba radhi. Tazama mwenyewe, bado anasema." Akanyoosha kidole kwenye skrini.

Msumari alikifuata kidole. Hakikuelekea kwa Rais. Kilielekea chini pembeni, kwenye kijisanduku cha mkalimani wa lugha ya alama, ambamo mke wa Kimya alikuwa amesimama na blauzi yake nyeusi ya kazini.

Msumari akamshika Kimya kidevu, polepole, akamgeuza uso mpaka kwa Rais. Rais alikuwa amekwisha kumaliza, ameketi, anakunywa maji. Mikono ya mke wa Kimya ilikuwa bado inaahidi.