Taa ya Adapta

"Mzee, hii taa inakudanganya," fundi wa simu pale Kakuma alisema. "Inaonyesha adapta ina umeme tu. Waya wako umekatika ndani, simu haikupata chaji hata kidogo."

Lokorio aliutazama waya. Shingo ya waya huo alikuwa ameifunga mwenyewe kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi, akaukaza kwa meno, kama afungavyo mpini wa shoka. Tangu jana taa nyekundu ilikuwa imemtuliza moyo. Mkewe alikuwa amelazwa hospitalini Lodwar, na alikuwa amemwambia, "Simu isizime. Kabla hawajanipasua, nitataka kusikia sauti yako."

Fundi alichomeka waya mpya. Simu ikawaka, ikatetemeka kiganjani kama mwanambuzi aliyezaliwa sasa hivi, kisha ikaita.

"Baba, ulikuwa wapi?" binti yake aliuliza. "Mama alikupigia mpaka wakamnyang'anya simu mlangoni pa chumba cha upasuaji."

"Mpe sasa. Mwambie niko hapa."



"Baba, kaa chini kwanza."

Fundi, aliyesikia yote, alimsogezea kiti chake. Lokorio alibaki amesimama.

"Mpe simu," akasema.