Eneo Wazi

Kidole cha binti kilifuata mto kwenye ramani ya ofisi ya walimu, kikavuka daraja, kikafika mtaani kwao. Mtaa haukuwepo. Paliandikwa: ENEO WAZI.

"Mwalimu, hapa si ndipo kwetu? Tumejaa mpaka chooni tunapanga foleni!"

Mwalimu wa zamu akacheka. "Maliza fomu ya kuchagua masomo, mwanangu, wenzako wanasubiri."

"Aliyechora alifika kweli?"

"Nitajuaje? Labda alichungulia kwa mbali."

"Alisomea nini?"

"Jiografia, nini kingine? Lakini baba yako kasema Biashara."

Kwenye fomu, Biashara ilikuwa imeshawekewa alama kwa penseli. Binti akaitazama, kisha akarudi kwenye ramani. Kaya mia nne, na bibi yake mzima, wamezikwa chini ya maneno mawili.

"Mwalimu, naomba ufutio."