Profesa Alipomwinamia Mama

"Muulize huyo mzee wako, nipande au nisipande?" Uso wa mama, aliyekuwa Manyoni, ulijaa kwenye simu. "Debe hili la mahindi ndilo la mwisho. Nikilipanda na mvua ikagoma, hatuna cha kula."

Dativa alimtafsiria profesa. Walikuwa kwenye chumba cha makoti, Stockholm. Ukumbini, waliomvisha mzee huyo wa Kijapani medali walishaanza kula. Maisha yake yote aliwaonya kwamba mvua zitaharibika. Leo walimpigia makofi kwa kusema kweli, kisha wakaagiza mvinyo.

Asubuhi, yeye na Dativa, mwanafunzi wake, walikuwa wameitazama ramani ya msimu. Manyoni yote ilikuwa nyekundu: ukame. Dativa alikosa ujasiri wa kumwambia mama.

Profesa aliisogelea simu. Alibana mikono mapajani, akainama mpaka mgongo ukalala kama meza, kama watu wa kwao wanavyoomba radhi kwa kosa lisilofidika. Medali ilining'inia kwenye utepe wake, ikayumba juu ya viatu, ikatulia. Yeye hakuinuka.

Mama akacheka kwa furaha.

"Jamani, ana adabu huyo! Mwambie asiniamkie hivyo, mimi mtoto kwake. Shikamoo, baba!"

"Mama..."

"Nimeshaelewa, mwanangu. Mwenye habari mbaya haamkii watu hivyo."

Akageuka, simu ikiwa bado mkononi.

"Leteni majembe!"