Sampuli ya Kaka

Mpimaji aliusukuma mlango wa maabara kwa kisigino hadi ukafungika, akatoa mkobani kopo la unga wa karanga alilolibeba kutoka jikoni kwake. Kifuniko kikagoma kufunguka. Miaka yote aliyopima vyakula vya kwenda ng'ambo hakuwahi kuingiza hata punje moja ya nje katika chumba kile. Leo alikuwa mwizi, tena mwizi wa ajabu, wa kuleta badala ya kuchukua.

Mezani ilimsubiri sampuli ya ghala la kaka yake, imeshasagwa, imefungwa kwenye mfuko wenye namba bila jina. Namba iliwekwa ili mpimaji asimjue mwenye mali. Lakini kaka alikuwa ameshamnong'oneza namba hiyo jana, kasimama mlangoni kwake, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mdogo wangu, ghala lilivuja mwezi uliopita. Magunia yakalowa. Lakini nimeanika, na tumechambua punje kwa punje, mimi na vibarua wangu. Kila iliyosinyaa au kubadilika rangi tumeitoa. Zilizobaki ni safi."

"Kama ni safi, kaka, unahangaika nini?"

"Mzigo wa msimu uliopita ulirudishwa. Huu nao ukianguka, leseni wanachukua. Na mimi sijui kazi nyingine." Akatazama chini. "Sikuombi kitu. Nimekuambia tu."

Kama huko si kuomba, basi kuomba hakujulikani. Kaka huyo ndiye aliyeacha shule ili yeye aendelee. Hakuwahi kumsimanga hata siku moja, na hilo ndilo lililomlemea kuliko masimango yote.

Mpimaji aliyajua maji na madhara yake. Karanga zikilowa hupata ukungu, na ukungu huacha sumu isiyoonekana kwa macho wala kuonjeka ulimini, sumu inayokula ini polepole na kuwaonea zaidi watoto. Kuchambua kwa mkono husaidia, ndiyo, lakini ghala zima? Hakumwamini kaka yake. Hilo nalo lilimuuma.

Ndipo akalikumbuka kopo la jikoni. Kaka aliwaletea majuzi tu, limejaa hadi mdomoni, unga mlaini. "Nimewatengea wapwa zangu," alisema, akaliweka mezani. Mpimaji hakuuliza zaidi. Mama yao alikuwa na kishamba chake nyuma ya nyumba, na kila mwaka karanga za kishamba hicho ndizo zilizofika jikoni kwake. Nani hupima zawadi ya ndugu? Mtoto wake wa mwisho, mwembamba kama ufito na msumbufu wa kula, hakunywa uji ila wenye unga ule. Mpimaji, mama mtu, akafurahi, akawa anaongeza kijiko juu ya kijiko.

Sasa akamimina sampuli ya ghala kwenye mfuko mwingine, akauficha ndani ya koti lake jeupe. Unga wa jikoni ukashika nafasi. Moyo haukumwacha. Ulimwambia kwamba huko mbali kuna mtoto asiyemjua, atakayepakiwa karanga hizi kwenye mkate kwa sababu tu yeye amesema ni salama. Aliona haya hata kuutazama muhuri wa kupitisha mizigo uliokuwa mezani. Hata hivyo akaanza kupima.

Mkuu wa maabara aliingia kabla mashine haijatulia. Wote walimwita Pima Tena, kwa kuwa hakuwahi kuliamini jibu la kwanza, hata alipouliza ni saa ngapi.

"Huo mzigo vipi?"

"Safi, nadhani."

"Kudhani waachie wapiga ramli." Mkuu akainama kwenye kioo cha mashine. Akapiga mluzi. "Wewe! Hii ni sumu tupu. Hata ng'ombe usimpe. Mwenye mali huyu ana roho gani?"

Mpimaji aliinama akatazama mwenyewe. Kipimo kilikuwa kimeuruka mpaka, tena kwa mbali. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zake zilikuwa zimefika.

"Labda ni mashine, mkuu," alisema.

"Basi pima tena," mkuu akasema, akatoka akitikisa kichwa.

Alipobaki peke yake alitoa mfuko uliokuwa kotini, akaipima sampuli halisi ya kaka. Alisubiri huku ameuma mdomo. Mashine ikatulia. Hakukuwa na sumu ya kutajika. Akasafisha kila kitu, akapima tena, na jibu likawa lile lile: mzigo wa ghala ulikuwa safi, ungeweza kupita bandari yoyote.

Kaka hakuwa amedanganya. Mpimaji alitaka kulia kwa aibu, maana alimdhania uongo ndugu yake na kumwangusha kwa mikono yake mwenyewe. Alijua itambidi amfuate mkuu aseme kila kitu. Lakini kabla ya hapo alichukua simu.

"Vipi, mdogo wangu, tumepita?" kaka akauliza kwa pupa.

"Kaka, zile karanga mlizochambua mkazitoa, zile mbovu, mlitupa wapi?"

"Kutupa?" Kaka alicheka. "Mtu anatupa chakula! Nilizisaga zote. Kwani wapwa zangu wameshaumaliza ule unga?"