Bi Kufuli na Viatu vya Kushoto

Bi Kufuli alikuwa ameiba sauti za mji mzima na kuzifungia ndani ya makopo ya majani ya chai, na mama mkwe hakuweza kuvumilia.

"Mwanamke mbaya huyu," alisema, akiligonga gazeti kwa kidole. "Na anayemchora anajua kuchora, tusiseme uongo. Ila pua hiyo! Hakuna binadamu mwenye pua ya namna hiyo."

Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliitazama pua iliyochomoza juu ya gazeti, akainamisha macho haraka.

Mama mkwe alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na aliyagawa bure. Waimbaji wa siku hizi, alisema, wanarudia neno moja mpaka msikilizaji anaumwa jino. Mastaa nao wanaachana asubuhi na kurudiana jioni, kisa wana wimbo mpya wa kuuza. Kitu pekee cha maana duniani kilikuwa katuni ya Jumamosi, ile ya Binti Radi, msichana anayerusha umeme kwa vidole, na adui yake Bi Kufuli, bibi kizee mwenye funguo tele kiunoni.

Mama mkwe naye alikuwa na funguo tele kiunoni. Sukari ilikuwa na kufuli, sabuni ilikuwa na kufuli, hata rimoti ya televisheni ilikuwa na kisanduku chake. Na aliyemchora Bi Kufuli kila wiki, chumbani, mlango umefungwa, kwa jina la kubuni la Babu Wino, alikuwa mkwe huyuhuyu. Mtu mwingine pekee aliyeijua siri hiyo alikuwa mumewe.

"Hivi hajioni?" alimuuliza mumewe siku moja. "Kweli nyani haoni kundule."

"Nyani huyo ni mama yangu," mume alisema, akajiondokea asije akaulizwa zaidi.

Mambo yaliharibika mama mkwe alipougua. Homa ilimlaza hasa, na mkwe akamuuguza kwa moyo mmoja. Alimlisha uji kwa kijiko, akamsomea gazeti zima, mpaka habari za mastaa. Bibi alipoinuka kitandani alikuwa mtu mwingine. Alichomoa ufunguo wa sukari kiunoni, akampa mkwe. Ikawa jioni wanakaa pamoja kuwasengenya waimbaji wa redioni, wakicheka mpaka machozi. Tangu aolewe, binti wa watu hakuwahi kujiona ana mama ndani ya nyumba ile. Sasa alijiona anaye, na alifurahi.

Lakini kalamu ilikauka. Bi Kufuli akaanza kuwagawia watoto peremende. Wiki moja, jamani, alimfumia Binti Radi sweta.

Mhariri akapiga simu. Mkwe aliipokelea jikoni huku redio ikivuma sebuleni. Mhariri hakuzunguka mbuyu. Wasomaji wamechoka, alisema, adui gani huyu anafuma masweta? Jumanne isipomkuta na uovu wa maana, ukurasa anapewa mwandishi wa umbea wa mastaa.

"Kwa hiyo Bi Kufuli awe mbaya, la sivyo nimekwisha," mkwe alisema kwa unyonge. "Nimekuelewa, mhariri."

Alichora tangu utotoni, na ukurasa ule ndio kitu pekee alichokiita "changu". Alipokata simu, redio ya sebuleni ilikuwa imezimwa, nyumba kimya. Alidhani umeme umekatika, akarudia vyombo vyake, roho ikimuuma.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyeona kiatu chake cha kushoto. Cha mume hakipo, cha mkwe hakipo, hata kandambili za bafuni zilibaki za kulia tu. Mama mkwe alikuwa amevifungia vyote kabatini. Anayetaka kutoka, alisema, aje kwanza aeleze anakwenda wapi. Mume alikwenda kazini na kiatu kimoja cha ngozi na kandambili moja ya jirani.

Kisha bibi akadai ufunguo wake wa sukari. Mchana walipokuja mashangazi kumpa pole ya ugonjwa, aliingia jikoni, akaonja mchuzi, akamwagia chumvi kiganja kizima mkwe akimtazama. Akaupeleka mezani mwenyewe.

"Mnaona ninavyolishwa?" aliwaambia wageni. "Ndiyo maana nikaugua."

Mkwe alilia, na hakulilia chumvi wala viatu. Alikuwa ameamini kwamba wameshakuwa mama na mtoto, kumbe alijidanganya. Akajifungia chumbani, akashika kalamu kwa hasira, akachora mpaka mkono ukaingia ganzi. Bi Kufuli aliiba viatu vya kushoto vya mji mzima, Binti Radi akamkimbiza kwa mguu mmoja, na pua ya yule kizee ikajaza nusu ya ukurasa.

Jumamosi mhariri alipiga simu akicheka mpaka anakohoa. Ukurasa umepona, alisema, na wasomaji wanataka zaidi.

Mkwe hakucheka. Alipeleka chai sebuleni, tena isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa kifungoni.

Mama mkwe alikuwa na gazeti mapajani. Alilisoma picha kwa picha, taratibu, akalikunja. Akachomoa ufunguo wa sukari kiunoni, akauweka kwenye sinia kando ya kikombe.

"Pua bado hujaipata, mwanangu," alisema. "Haya, mhariri ameridhika, au niongeze?"